Mtoto wa Nyuma ya Jikoni

Maji hayakulia.

Phylis aligundua hilo kwanza, kabla ya harufu, kabla ya kitu kingine chochote. Maji yaliyopikiwa baasto, zile tambi za Wasomali, yaliyokuwa bado yanatokota sufuriani, yalimwagika kwenye udongo mweusi nyuma ya jikoni, na hayakulia. Hayakutoa mvuke wala povu. Nyufa za ardhi zilifunguka kidogo, zikayapokea, zikafunga. Palibaki pakavu.

Alisimama na sufuria tupu mikononi. Ilikuwa Ijumaa, jua liko utosini, na wateja wa hoteli ya Sharifo, mama wa Kisomali, walikuwa wamekwenda msikitini. Ulikuwa ule mwaka wa elfu mbili, mwaka wa ukame, Wamaasai walipopitisha ng'ombe wao Kitengela wakielekea Nairobi kutafuta nyasi za kando ya barabara, na wengi wa ng'ombe hao wakalala njiani wasiamke.

Sharifo alikuwa na sheria moja jikoni kwake. Maji ya moto hayamwagwi ardhini. Yanawekwa kwenye karai hadi yapoe, ndipo yanamiminwa polepole, na anayemimina hutaja jina la Mungu kwanza, ili walioko chini wapate kusogea.

"Sisi tunasema Bismillahi," alimwambia Phylis siku ya kwanza ya kazi. "Wewe ni mtu wa kanisa, sema yako. Lakini sema."

Phylis alichagua "nipisheni," neno la mtu anayepita sokoni na gunia kichwani. Sharifo alicheka mpaka akakalia ndoo. "Nipisheni! Haya. Watasikia huyu ni mtu ana haraka, watatoka."

Ijumaa hiyo hakusema nipisheni. Binti yake Mukai, ambaye alikuwa bado hajaanza shule na alishinda naye kazini, alikuwa akicheza karibu na karai. Phylis alimtazama, na akaona jambo ambalo halijatokea: mtoto anajikwaa, anatumbukia, ngozi ya mgongo inachunika. Aliliona waziwazi, jinsi alivyokuwa akiona mambo yasiyotokea kila siku ya maisha yake. Akasukuma mlango wa nyuma kwa mguu na kuyamwaga maji yote nje kwa mkupuo mmoja, mbali na mtoto wake.

Hofu ya Phylis haikuwa na chanzo cha kusimulia. Hakuwahi kuvamiwa. Hakuwahi kuunguliwa na nyumba. Alizaliwa vizuri tu huko Machakos, akaolewa vizuri tu na Kitonga, aliyevunja mawe kwenye machimbo. Lakini akifunga kufuli alirudi kuivuta, akaenda, akarudi tena. Kitonga akichelewa kidogo, tayari alikuwa amemwona chini ya jiwe, amemwosha, amemzika, amevaa nguo nyeusi. Kisha Kitonga alibisha hodi na vumbi lake, akauliza chakula. Hofu ilipopita ilimwachia ganzi. Alipika kwa mikono ambayo ilionekana kuwa ya mtu mwingine, akajibu watu kwa sauti ambayo aliisikia ikitoka mbali.

Kwa hiyo, maji yasipolia, alifikiri ni yeye. Alifunga mlango.

Harufu ilikuja wateja waliporudi. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua, na chini yake harufu tamu ya maziwa yaliyomwagikia jiko.

"Sopa, mama Mukai," akasalimu Parmuat, mzee wa Kimaasai mwenye ng'ombe, aliyekunywa chai hapo kila mchana.

"Ipa," Phylis akaitikia.

"Leo mnapika nini? Mbuzi na manyoya yake?" Akainama kutazama chini ya meza. "Na kuna mwingine analia. Sharifo! Mbuzi wangu wamekufa juu ya ardhi, wako wanazaa chini ya simiti. Niuzie hiyo dawa."

Watu wakacheka. Sharifo hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza. Phylis naye alisikia. Kilio kilikuwa chembamba, kilichokatika na kuanza tena, na kilitoka chini, upande wa jikoni. Kilikuwa karibu sana kufanana na cha mbuzi.

"Ni mbuzi wa jirani," Phylis akasema haraka.

"Jirani gani?" Sharifo akauliza.

Kesho yake asubuhi Mukai hakutaka kuvaa nguo. Alipovuliwa shimizi, mgongo wake upande wa kushoto, kutoka begani hadi kiunoni, ulikuwa umejaa malengelenge.

Kitonga alitazama mgongo, halafu akamtazama mkewe. "Umemchoma mtoto?"

"Hapana."

"Hii ni maji ya moto. Mimi si mjinga. Umemchoma, umenyamaza."

"Kitonga, hakuguswa na maji. Niliyamwaga nje ili yasimguse."

Aliyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake.

Kwenye zahanati muuguzi alipaka dawa, akafunga bandeji, akamtuma Kitonga nje na kufunga mlango. "Mama, sema ukweli. Nani alifanya hivi? Ni baba?" Phylis alitikisa kichwa. Muuguzi aliandika kitu, akasema mtoto arudishwe baada ya siku kadhaa, na aliposema hivyo hakumtazama Mukai, alimtazama Phylis.

Dawa haikusaidia. Kila bandeji ilipofunguliwa kidonda kilikuwa kibichi, kinang'aa, na joto lake lilisikika kabla hujakigusa. Watu wa kanisa walikuja kuomba, wakaweka mikono, mmoja akauondoa mkono wake kwa ghafla na kuupuliza. Homa ikapanda. Mukai aliacha kula. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Sasa alilala kwa tumbo kwenye gunia jikoni kwa Sharifo, macho wazi, hasemi.

Mchana mmoja akasema. "Mama. Mwambie asinilalie."

"Nani, mwaitu, mama yangu?"

"Huyu mtoto. Ananilalia mgongoni. Ana moto."

Phylis alipiga magoti. Juu ya mgongo wa binti yake hapakuwa na kitu. Lakini bandeji, pale katikati, ilikuwa imebonyea.

Sharifo alikuwa akisukuma chapati. Alifuta mikono yake kwa leso, polepole, kidole kimoja kimoja. Akanong'ona, "Ulimwaga wapi?"

"Sikumwaga..."

"Mama Mukai. Siulizi kama. Nauliza wapi."

Phylis alionyesha mlango wa nyuma kwa kidevu. Hakuweza kuinua mkono.

Sharifo alikuwa na baba yake mdogo Kajiado, Isaak, mfanyabiashara wa mifugo ambaye watu walimwita awasomee Kurani wagonjwa wa aina hiyo. Walimpeleka Mukai kwake, wakamkuta mnadani, amesimama katikati ya kondoo waliokonda, shavu moja limevimba kwa jino, anabishana na mtu. Hakufurahi kuwaona.

"Adeer," Sharifo akamwita ami yake kwa Kisomali, "tuna shida."

"Kila mtu ako na shida. Hawa kondoo pia wako na shida."

Lakini alipofunuliwa mgongo wa Mukai aliacha kubishana. Aliwapeleka kwenye kivuli cha lori, akaomba maji kwenye kikombe, akaanza kuyasomea. Phylis alitazama kikombe, kwa sababu ndicho kilichokuwa mbele ya macho yake. Maji yalikuwa yanatikisika. Mkono wa mzee ulikuwa unatetemeka.

Alisoma kwa muda, akatega sikio, akasoma tena. Mwishowe akaketi juu ya tairi.

"Simfukuzi," akasema.

"Adeer!"

"Nimfukuze nani? Amekuja kwa mtu? Ni mtu alimwendea nyumbani kwake na sufuria ya maji ya moto." Akamgeukia Phylis. "Kuna mama pale, na ako na mtoto mdogo. Mtoto alikuwa amelala. Amechomeka hapa, hadi hapa." Alionyesha begani, kiunoni, bila kugusa. "Mama yake hataki damu, hataki mbuzi. Anataka yule aliyemchoma mtoto amuuguze. Mtoto wake akipona, wako atapona. Akifa," akapangusa mdomo, "usiniulize akifa."

"Nitafanya nini, mzee?"

"Maziwa ya baridi. Kila siku, saa ile ile ulimwaga maji. Unaenda mwenyewe, unayamimina pale pale, polepole, unakaa mpaka yaishe. Usitume mtu. Usigeuke nyuma, mama yake atakuwa nyuma yako. Na usikimbie. Ukikimbia atajua umekuja kujiokoa wewe, hukuja kwa sababu ya mtoto."

"Mimi siwezi," Phylis akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema hajui kuendesha gari. "Mzee, mimi naogopa vitu vidogo. Naogopa hata simu ikilia dukani. Siwezi kwenda pale."

"Hata mimi naogopa."

"Wewe?"

"Hujaona huu mkono? Nikitoka kumsomea mtu, mimi hutapika. Muulize Sharifo. Watu wanafikiri Mungu alinipa moyo wa jiwe; alinipa tumbo bovu." Akainuka kwa kushika ubavu wa lori. "Hakuna mtu amekuambia uache kuogopa. Nimesema upeleke maziwa."

Basi walirudi Kitengela, na kesho yake, jua lilipofika utosini, Phylis alisimama mbele ya mlango wa nyuma na kikombe cha maziwa.

Hakuweza. Mkono ulifika kwenye komeo ukarudi. Alimsikia Sharifo nyuma yake akipanga sahani ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Alimsikia Mukai akihema kwa mdomo. Mwili wake wote ulikuwa umekufa ganzi, midomo, vidole, nyayo, na ndani ya ganzi hiyo moyo ulipiga peke yake. Akafikiri kwamba ganzi inaweza kutembea. Mguu usiosikia kitu ni mguu bado. Akausukuma mmoja. Akafungua komeo.

Nje palikuwa na kipande kidogo cha ardhi kati ya ukuta wa mabati na ua wa miti iliyokauka, na palikuwa na mwanga mwingi mno, na kimya, ingawa barabara ya Namanga ilikuwa karibu na malori yalikuwa yakipita kila siku saa hiyo, na alipopiga hatua ya kwanza alisikia udongo ukiwa na joto ambalo halikutoka juu, lilitoka chini, likapanda kupitia ndara zake hadi magotini, na alipopiga ya pili ile harufu ilimfunika, nywele na maziwa, na alipofika kwenye nyufa na kuinama aliona kwamba yeye hana kivuli, kwa kuwa jua lilikuwa juu yake moja kwa moja na hakuna kitu kilichokuwa na kivuli saa hiyo, si ua, si ukuta, si ndoo, ila kulikuwa na kivuli kimoja kirefu kilichotoka nyuma yake, kikapita kando ya bega lake, kikalala ardhini, na kivuli hicho kilikuwa kimevaa shela.

Alimimina. Maziwa hayakuingia ardhini. Yalinywewa hewani, kabla ya kufika, kwa sauti ndogo ya ulimi, na joto likamgusa kifundo cha mkono, likatoka, likamgusa tena.

Akakimbia.

Aliangusha kikombe, akajigonga mlangoni, akaanguka jikoni kwa mikono na magoti. Mukai alipiga kelele wakati huo huo. Bandeji ililowa. Kidonda kilichokuwa kimefika kiunoni sasa kilikuwa kimeshuka pajani.

Sharifo alimnyanyua Phylis kwa makwapa. Hakumlaumu. Alichukua kikombe kingine, akatafuta maziwa yaliyobaki ya chai ya jioni, akakijaza. "Nenda tena," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi ningeenda, walahi. Lakini alisema wewe."

Akaenda tena. Alimimina huku meno yakigongana. Alikaa mpaka sauti ya ulimi ilipokoma na kivuli kilipojiondoa taratibu kwenye bega lake. Ndipo akarudi, anatembea.

Kesho yake akaenda. Kesho yake tena. Watu husema ukifanya jambo kila siku unalizoea. Phylis hakulizoea. Asubuhi aliamka na mchana tayari umemkalia kifuani. Alikata vitunguu na mchana ukiwa kifuani, akachemsha baasto, akamimina maji kwenye karai, akasema nipisheni kwa sauti kubwa, akajibu utani wa Parmuat. Saa ilipofika miguu ilikataa, naye akaisukuma. Kivuli kilikuja. Joto lilimgusa mkono. Hakukuwa na siku hata moja iliyokuwa rahisi. Maziwa yalikuwa haba mwaka huo, kwa hiyo yeye na Sharifo waliacha chai ya maziwa, wakanywa ya rangi, na kikombe cha mchana hakikukosa.

Kidonda kilianza kupanda. Kiliacha paja. Kiliacha kiuno. Kingo zake zilianza kukauka na kuwa na rangi ya waridi, na siku moja Mukai alikaa, akaomba chapati, akamlalamikia Sharifo kwamba ni ngumu.

"Huyu amepona mdomo," Sharifo akasema. "Mgongo utafuata."

Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia Kitonga. Phylis alimwogopa pia. Si kwa sababu alikuwa mkali, bali kwa sababu alijua angecheka, halafu asingecheka. Kitonga aliambiwa na mtu machimboni kwamba mke wake hulisha majini nyuma ya hoteli ya Mwislamu. Alikuja mchana akiwa bado na nguo za kazi, mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope.

Sufuria ya baasto ilikuwa imeiva. Sharifo alikuwa amekwenda kufungua gunia la mkaa. Kitonga alipita kati ya meza bila kumsalimu mtu, akaingia jikoni, akamtazama binti yake kwenye gunia, akatazama mlango wa nyuma uliokuwa wazi, na mke wake aliyekuwa amechuchumaa nje na kikombe kitupu.

"Kwa hivyo ni kweli," akasema.

"Kitonga, nisikize."

"Nisikize nini? Wewe unaogopa mpaka paka, sasa umekuwa rafiki ya shetani? Mtoto wangu anaoza, wewe unapeleka maziwa kwa kitu kinamla?" Sauti yake ilipanda ikakatika. Phylis akaona kwamba anaogopa. Hakuwahi kumwona akiogopa. Ilikuwa kama kumwona bila shati mbele ya watu. "Kama kiliungua mara ya kwanza, kitaungua tena. Nakimaliza."

Alishika sufuria kwa matambara, akaiinua pamoja na baasto yake, akatoka nayo. Maji yalikuwa yakiruka pembeni.

Phylis aliona mambo yote yasiyotokea, yote kwa pamoja, maji yakiruka, udongo ukifunguka, kilio, Mukai akijikunja kwenye gunia na ngozi ikiachana naye kuanzia shingoni, jeneza dogo, na wakati huu alijua kwamba hayo si mawazo, hayo ni mambo yanayokuja, yako hatua chache tu, yamebebwa na mtu anayempenda mtoto yule sawa na yeye, na mwili wake ukafanya ulivyozoea, ukafa ganzi kutoka midomoni hadi nyayoni, na ndani ya ganzi hiyo akajiinua, akasimama juu ya zile nyufa, akatanua mikono.

"Basi mwaga," akasema.

"Toka hapo, mama Mukai."

"Sitoki. Mwaga. Nimesimama."

"Utaungua!"

"Nitaungua. Mimi ndiye nilimwaga hapa. Kulikuwa na mtoto, nikamchoma, na mtoto wetu analipa. Kila siku nakuja nikitetemeka. Hata sasa natetemeka, tazama. Lakini ameanza kupona, Kitonga. Wote wawili wameanza kupona. Ukimwaga, umemwagia Mukai."

Alikuwa anatetemeka kweli. Mikono aliyoitanua ilikuwa ikipigapiga hewa. Kitonga alisimama na sufuria, mvuke umemfunika uso, vumbi la mawe likigeuka matope kwenye mashavu yake. Nyuma yake, mlangoni, Mukai alikuwa amekuja, ameshika fremu.

"Baba," akasema, "wacha. Anaogopa."

"Najua mama yako anaogopa."

"Si mama."

Hapo ndipo Phylis alipousikia. Ulikuwa mkono. Ulikuwa mdogo, wa moto, na ulikuwa umeshika sketi yake kwa nyuma, karibu na goti, ukikunja kitambaa chote kwenye ngumi. Nao ulikuwa unatetemeka. Haukumvuta. Ulijificha tu nyuma yake, jinsi mtoto anavyojificha nyuma ya mtu mzima mgeni akiingia.

Kwa siku zote hizo alikuwa amefikiri juu ya hofu yake. Hakuwahi kufikiri kwamba kila mchana, kutoka upande ule mwingine, kitu kidogo kilichochomwa kilitakiwa kutoka mahali pake na kumwendea mtu aliyekichoma, kikanywe mkononi mwake. Na kila mchana kilikuja.

Kitonga aliweka sufuria chini, ndani, kwenye simiti. Akakaa kando yake. Kisha akamwambia Sharifo, aliyekuwa amesimama na mkaa mikononi, "Samahani kwa baasto."

"Itakuwa imelainika sana," Sharifo akasema. "Tutawauzia wasio na meno."

Tangu siku hiyo Phylis hakuinama tena akimimina. Alikaa chini kabisa, kwenye udongo, miguu mbele, ili asiwe mrefu. Aliogopa kama awali. Lakini alizungumza sasa, kwa sauti ndogo, maneno ya bure tu: bei ya nyanya za Loitokitok, mawingu ya uongo yaliyopita juu ya vilima vya Ngong, Parmuat na ng'ombe wake wa mwisho. Joto la mkononi lilipungua siku baada ya siku, likawa joto la kawaida la mtoto aliyetoka kulala.

Mgongo wa Mukai ulifunga. Ukabaki na kovu laini, lisilo na maumivu, na muuguzi wa zahanati aliligusa kwa kidole akasema, "Haya, mama," kwa aibu kidogo.

Siku hiyo Phylis alipeleka kikombe akijua ni cha mwisho. Alikaa. Alimimina. Maziwa yalinywewa yote. Alingoja kivuli kijiondoe.

Hakikuondoka. Kilisogea. Kilisogea hadi kikamfunika yeye mzima, na jua la utosi likawa baridi, na kwa mara ya kwanza, karibu sana na sikio lake, yule mama alisema. Sauti yake haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka, na hilo ndilo lililomfanya Phylis ajikojolee.

"Nishikie mtoto," ikasema. "Kuna mahali naenda."

Maneno hayo Phylis alikuwa ameyasikia mara maelfu, kwenye ua, foleni ya maji, kanisani. Kila mwanamke wa Kitengela huyasema. Na kila mwanamke anajua jibu, maana hakuna mwingine wa kuachiwa. Alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa umekufa. Akausukuma, jinsi alivyokuwa akiisukuma miguu.

"Haya," akasema. "Lakini usikawie."

Kivuli kikamtoka. Jua likarudi. Na mapajani mwake pakaingia uzito.

Ulikuwa uzito wa mtoto mdogo aliyekaa, akajiweka sawa, akaegemeza kichwa kifuani mwake. Kupitia blauzi alihisi mapigo ya moyo yasiyo yake, ya haraka, ya haraka mno. Hakuona kitu. Mikono yake ilibaki hewani, kushoto na kulia, haijui pa kwenda.

Sharifo alichungulia mlangoni. "Mama Mukai? Wateja wanaita."

"Wahudumie wewe. Mimi nimeachiwa mtoto."

Sharifo alitazama mapaja yake matupu, na namna sketi ilivyobonyea katikati. Akafunika mdomo kwa leso. Akarudi ndani bila kuufunga mlango.

Mchana ukapita. Wateja wa chai wakaja, wakaenda. Kitonga akaja kumchukua Mukai, akasimama kidogo pale mlangoni, akavua koti lake na kumwekea mkewe mabegani bila kuuliza. Mukai alitaka kubaki acheze, akaambiwa hapana. Sharifo akafunga hoteli. Jua likashuka nyuma ya Ngong, upepo wa nyika ukaanza, na mwenye mtoto hakurudi.

Giza lilipoanza kuingia, uzito ulianza kujinyonganyonga. Kisha kile kilio, chembamba, kilichokatika na kuanza tena.

Phylis hakujua watoto wa walioko chini hubembelezwa vipi. Aliishusha mikono yake polepole, yote miwili, mpaka ikagusa mgongo mdogo wenye kovu. Akaanza wimbo wa Kikamba aliomwimbia Mukai alipokuwa mchanga, kwa sauti ya chini. Sauti ilitetemeka mwanzo hadi mwisho wa ubeti. Akaanza ubeti wa pili.